Fundi wa Mwanga anayejua kulaza laptopu bila kuua mafaili, nampa nyota nne

Nianze na hela mana najua ndo mtauliza kwanza. Elfu arobaini kwa mashine yenye mifumo endeshi miwili, elfu ishirini kama una Windows peke yake, na bakapu anachaji pembeni. Kwa hapa Kigoma ni ghali tusidanganyane, kupiga windo (kuweka Windows upya) mtaani unapigiwa kwa elfu kumi na tano na movie unawekewa juu. Ila mimi sikumpelekea kazi ya kupiga windo. Nilitaka aniwekee haibaneti inayofanya kazi, yaani kuilaza mashine ikazima kabisa na ukiwasha ukakuta kazi zako bado ziko wazi, kwenye laptopu ya steshenari yangu, upande wa Windows na upande wa Ubuntu (ni aina ya Linux), na mafaili ya wateja yasivurugike. Nimeshaitumia vya kutosha kwahiyo sasa naweza kusema neno.

Jina la duka silitaji, mwenyewe kaomba nisimjazie watu. Liko Mwanga upande wa sokoni, kwenye ile mistari ya maduka ya simu, ukiona meza imejaa maganda ya laptopu na kijana kavaa miwani imefungwa na gundi pembeni basi umefika.

Kwa nini nihangaike na haibaneti wakati wenzangu wanazima tu? Umeme bana. Sisi tuliokuwepo hapa enzi mji mzima unategemea majenereta ya dizeli tunajua, na hata leo unaweza kuwa katikati ya kutaipu mtihani wa shule na michoro yake ukasikia feni inapunguza mwendo, ndo basi tena. Na kazi ya steshenari haikai faili moja, muda wowote nina barua ya mtu, CV ya mtu, mtihani wa mwalimu, hesabu za kikundi cha akina mama wa mawese, vyote viko wazi na kila kimoja kimefikia mahali pake. Uzime, uwashe, ufungue kimoja kimoja utafute ulipoishia, mteja kashaenda kwa jirani.

Sasa kuna watu wanachanganya, wanasema mbona nikifunga mfuniko inalala na ikiamka kazi yangu iko pale pale. Ile ni kulala kwa kawaida, vitu vinabaki kwenye RAM, na RAM inataka moto muda wote hata kama ni kidogo, betri ikikata imefutika yote. Haibaneti inachukua kilichoko kwenye RAM inakiandika kwenye diski alafu mashine inazima kabisa, unaweza ukachomoa hadi betri ukaitupa kabatini mpaka Jumatatu. Ukiwasha inaisoma ile picha kutoka kwenye diski, inairudisha kwenye RAM, unajikuta na kale kamstari ka kuandikia kanapepesa pale pale ulipokaacha. Kwenye Windows picha inakaa kwenye faili la kufichwa kule kwenye C linaitwa hiberfil.sys, kawaida linabeba kama asilimia 40 ya RAM, kwahiyo kwa mashine yangu ya GB 8 ni GB 3 na kidogo. Linux yenyewe inaandika kwenye swapu, ile sehemu ya diski inayotengwa kuisaidia RAM.

Hadi hapo hakuna jipya, fundi yeyote atakwambia hivyo na kuiwasha kwenye Windows ni kuweka tiki tu. Kilichonifanya niandike haya yote ni kwamba huyu kijana kabla hata ya kuishika mashine aliniuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa na fundi. Kuna mifumo mingapi humu? Partisheni ya D (kile kipande cha diski kinachoonekana kama D) unaifungulia wapi, Windows tu au na Ubuntu? Flashi za wateja huwa unazitoa kabla ya kuilaza au zinabaki? Kuna mtu mwingine anaiwasha ukiwa haupo? Mi nikawa namjibu huku najiuliza hivi huyu anatengeneza laptopu au anafungua jalada polisi. Baadae ndo nikaelewa. Anachokiogopa yeye ni kile kipindi cha katikati, pale mashine imezimwa kabisa lakini kazi iliyoko ndani haijaisha, na mtu mwingine akaigusa diski.

Alinieleza hivi. Mfumo ukiwa unafanya kazi hauendi kuisoma diski upya kila saa, unabeba kichwani picha ya diski ilivyo, faili gani liko wapi, nafasi ipi iko wazi, folda ipi ina nini, na mengine umeyabadilisha lakini bado haujayaandika chini. Ukihaibaneti, picha yote hiyo inagandishwa pamoja na mafaili yako ya wazi. Chukulia una stoo ya dagaa pale Kibirizi, umelala huku unakumbuka kabisa magunia ya fulani yako kona ya kushoto na kona ya kulia ni tupu. Usiku kaja mtu kahamisha, kona ya kulia sasa imejaa mzigo wa watu. Umeamka, haujaangalia, unaagiza vijana wamwage mzigo mpya kona ya kulia mana kichwani kwako pale ni tupu. Hakuna aliyefanya kitu kwa ubaya na bado mzigo wa mtu umeharibika. Ndo maana nyaraka za keneli (kiini cha mfumo) ya Linux zenyewe zimeweka onyo la herufi kubwa kuhusu jambo hili, kwamba ukigusa chochote kwenye diski kati ya kulala na kuamka, agana na data zako.

Nilikuwa nusu naamini nusu siamini, akaniambia "dada kaa hapo nikuoneshe". Ana laptopu kuukuu ya mazoezi, yenye hadidiski ya zamani ile ya kuzunguka, ndani ina Ubuntu. Akafungua folda la picha, akazipitia pitia, akaliacha wazi akaihaibaneti. Ikazima hadi taa. Akachomeka flashi yenye Linux ya kubutia, akawashia kwenye ile flashi, akaifungua hadidiski ya ndani, akafuta picha kadhaa akabandika mafaili mengine, akazima vizuri kabisa kwa utaratibu wake, hakuchomoa kitu kwa nguvu. Akatoa flashi, akawasha kawaida. Ikaamka na folda lile lile mbele yetu, na picha alizozifuta bado zipo! Mafaili mapya hayapo. Akabofya picha moja ikafunguka safi, nyingine ikafunguka nusu, chini yote kijivu. Mpaka hapo hakuna onyo lolote kwenye skrini, mashine inatabasamu tu. Akaendelea kunakili vitu vingine juu ya ile diski makusudi, alafu akaristati, na hapo ukaguzi wa diski ukaanza kumwaga mistari, bloku moja inadaiwa na mafaili mawili, folda halina baba, hesabu ya nafasi ya wazi haikubaliani. Lisilonitoka kichwani ni kwamba ule uharibifu ulikaa kimya mpaka siku ya kuristati, na mtu wa steshenari anaweza kukaa wiki bila kuristati, anahaibaneti tu, kila siku anaandika juu ya uozo.

Alafu akaniongezea jambo ambalo nina uhakika mafundi wengi hapa mjini hawalijui, mana nimeshawauliza kadhaa wakanicheka. Kwamba hata ukisema nafungua kwa kusoma tu, siandiki, bado unaweza ukawa umegusa. Mifumo ya mafaili ya siku hizi kama ext4 ina kadaftari ka ndani, inaandika kwanza humo inachotaka kufanya ndo inaenda kukifanya, ili umeme ukikatika katikati iweze kurekebisha. Ukiifungua diski ambayo haikufungwa vizuri, na ya haibaneti haijafungwa, mfumo unakimbilia kwanza kumalizia yaliyoandikwa kwenye kale kadaftari. Yaani wewe umeomba kusoma, yeye kashaandika. Kuna namna ya kuuzuia lakini lazima uiombe kwa jina.

Upande wa Windows. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, na mara nyingi kinakuja kikiwa kimeshawashwa. Ukibofya kuzima, Windows inakutoa wewe na programu zako, lakini keneli yake yenyewe haizimi, inaihaibaneti ili kesho iwake haraka. Kwahiyo wewe unadhani umezima kumbe umelaza, na partisheni zako zote za NTFS, yaani zile za Windows, zimebaki zimeshikwa na mtu aliyelala. Ukitaka Windows ianze upya kweli, ristati ndo inafanya hivyo, kuzima hakufanyi, kinyume na tunavyodhani wote. Ukienda Ubuntu hapo na kutaka kuandika kwenye C au D, kile kiendeshi cha ntfs-3g kinakataa, kinakupa kusoma tu, kinasema Windows imehaibaneti au kuna taarifa zimebaki kwenye kashe ya Windows. Watu wanatukana Ubuntu hapo, kumbe ndo iliyokuokoa.

Nina mteja wangu mwalimu, mtu mzima, wa shule moja huko njia ya Ujiji, yeye mashine yake iliwekwa mifumo miwili na fundi mwingine ambaye simtaji. Ubuntu ikawa inagoma kuandika kwenye C, akampigia fundi, fundi akampa komandi ya kulazimisha, aibandike kila inapogoma. Ile komandi ndani yake ina kipengele cha remove_hiberfile, na kazi yake ni kufuta lile faili la haibaneti ili Ubuntu ipite. Sasa mwalimu ana kawaida ya kuacha mitihani wazi kwenye Windows anaihaibaneti, anahamia Ubuntu kufanya vitu vyake vingine, akirudi Windows inawaka upya kama haijawahi kuwa na kitu, mtihani aliokuwa hajausevu umepotea. Alilalamika muhula mzima kwamba laptopu ina virusi! Kaweka antivirasi mbili. Nilivyomsimulia huyu kijana akacheka mpaka akavua miwani, akasema mwambie mwalimu shikamoo, alafu mwambie virusi ni ile komandi.

Kwa hiyo kwangu alichofanya, Fast Startup kaizima lakini haibaneti kaiacha. Hapa kuwa makini mana mitandaoni wanakwambia andika powercfg /h off na mambo yameisha, kweli Fast Startup inaondoka lakini na haibaneti yenyewe inaondoka nayo pamoja na faili lake. Yeye alitoa tiki tu kule kwenye mipangilio ya kitufe cha kuwashia, na hapo hapo akaweka tiki ya haibaneti ionekane kwenye menyu mana Windows huwa imeificha. Kabla ya hapo alipiga powercfg /a kuona mashine inaruhusu usingizi wa aina gani. Alafu upande wa Ubuntu akaifanya D isifunguke yenyewe ikiwaka, na ikifunguliwa iwe ya kusoma tu. Nikalalamika kidogo, mana nilizoea kuisevia kazi za Ubuntu humo. Akasema chagua, D iwe na mwenyewe mmoja au iwe na wawili wasiosemeshana. Sikuwa na jibu.

Ubuntu ndo ilimla muda. Kwanza haibaneti Ubuntu waliiondoa kwenye menyu tangu toleo la 12.04 mwaka 2012, mana kwenye mashine nyingi ilikuwa haiaminiki, kwahiyo unaitengeneza mwenyewe. Akanitengea partisheni ya swapu ya GB 8 ili picha ya RAM ienee bila kubanana, akaiandika kwenye mipangilio ya kuwashia ili mfumo ujue pa kuitafuta picha. Alafu ikagoma. Kumbe Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine, ilikuwa imewashwa, na ikiwa imewashwa keneli ya Ubuntu inakataa haibaneti kabisa, hoja yao ni kwamba mtu anaweza kuichezea ile picha ikiwa kwenye diski akapenyeza kitu chake, na ukiwasha unamwamsha yeye. Aliniuliza kama nakubali tuizime, akanieleza napoteza nini, nikakubali. Nimependa kwamba aliuliza, wengine wanaizima tu na hauambiwi.

Akiwa anasubiri mashine akanichorea kwenye boksi la chaja Linux inavyoilaza. Inasukuma kwanza kwenye diski yale ambayo yalikuwa hayajaandikwa, inagandisha programu zote zisifanye kitu, inapiga picha ya RAM kwa mkupuo, kisha inaiandika kwenye swapu, na mwisho kabisa ndo inagonga muhuri. Swapu ya kawaida mwanzoni ina alama ya SWAPSPACE2, ikishalala inabadilishwa inakuwa S1SUSPEND. Kwa sababu muhuri unagongwa mwishoni, umeme ukikatika katikati ya kuandika picha, hakuna muhuri, mashine itawaka upya kama ilivyokatikiwa siku yoyote, kale kadaftari ka ext4 katarekebisha, umepoteza ambacho haukusevu lakini diski iko salama. Na wakati wa kuamka inaisoma picha kabla haijafungua partisheni yoyote, na muhuri inaufuta mapema, ili picha moja isiamshwe mara mbili. Hata ikitokea ukawasha ikapitiliza bila kuiona picha, Ubuntu ikifika kwenye kuwasha swapu itakuta ule muhuri wa usingizi, itaufuta na kuandika wa kawaida, na ile picha ya zamani inakufa hapo hapo. Kazi ya usiku imepotea ndio, ila hauamki kesho kutwa na kumbukumbu za juzi. Mi hivi vitu vinanifurahisha jamani, mtu kakaa mahali akawaza mpaka hapo.

Betri sasa. Laptopu yangu ni yuzdi (imeshatumika), ThinkPad, na betri yake ina tabia ya kuonesha asilimia 30 alafu ghafla giza. Haibaneti ya kujiendesha yenyewe betri ikiisha huwa inasubiri ifike asilimia chache sana, kwa betri ya hivyo haifiki, inakufa njiani. Aliitolea ripoti kwa powercfg /batteryreport, inakuonesha uwezo ilioundwa nao na uwezo iliobaki nao, yangu ilikuwa chini ya nusu. Akapandisha kile kiwango cha hatari ili ianze kujilaza mapema, na akaniambia wazi kwamba bila UPS au betri mpya hii ni kuzibaziba. Hana betri dukani, ya kwangu iliagizwa Dar ikaja na basi, na hapo ndo nilipokaa kuliko nilivyotegemea, simu hapokei, ukimtumia meseji anajibu "inakuja dada" tu.

Flashi. Kila mteja wa steshenari anakuja na flashi, nusu yake zina virusi vya shotikati, hiyo habari nyingine. Alinikataza kabisa kuilaza mashine na flashi ya mtu ikiwa ndani, mana mteja atachomoa aende nayo, ataandika vitu kwingine, akirudi kuichomeka mashine yangu imeamka inaikumbuka flashi ya jana. Kwa Linux hata mfumo unaweza kudhani imechomolewa ikiwa bado inatumika, na yaliyokuwa hayajaandikwa yanapotea. Kwahiyo sheria ni kutoa kwanza kwa utaratibu ndo ulaze, akaniandikia kwa makapeni kwenye kipande cha selotepu akakibandika chini ya kibodi: FLASHI KWANZA. Kijana wangu wa dukani anakiheshimu kile kiselotepu kuliko anavyoniheshimu mimi.

Matokeo. Inaamka kazi zote zikiwa wazi, Windows inaamka haraka, Ubuntu inachelewa kidogo lakini inafika, na kwa kuwa ni SSD (diski isiyozunguka) sina cha kulalamika, kwa hadidiski ya kuzunguka utasubiri zaidi mana ni GB kadhaa zinasomwa kabla haujaona kitu. Mara moja moja Ubuntu ikiamka WiFi inakuwa imekata, naizima na kuiwasha inarudi. Nimekagua diski pande zote mbili baada ya kuzitumia hivi, chkdsk upande wa Windows na fsck upande wa Ubuntu kwa kutumia ile flashi ya kubutia, na kabla ya kufanya hivyo Ubuntu nikaizima kabisa badala ya kuilaza, kama alivyonisisitizia. Safi, hakuna kosa.

Sasa nyota ya tano imeenda wapi. Sio ucheleweshaji, huo tumeuzoea. Wala sio kukosa risiti, ingawa risiti mpaka ugombane. Nyota nimeikata kwa sababu katika maneno yote hayo hakunigusia kabisa kwamba ile picha ya RAM kwenye diski haijasimbwa, yaani haijafungwa kwa nywila. Kila kitu kilichokuwa wazi kimeandikwa pale, barua za watu, nakala za vitambulisho vya NIDA nilivyokuwa naskani, hadi nywila zilizokuwa kwenye kumbukumbu. Mtu akiiba laptopu ikiwa imelala, kufungua lile faili ni suala la ujuzi tu. Dawa ipo, kwenye Windows ni BitLocker kama toleo lako linayo, na kwenye Linux unaifungia swapu ndani ya LUKS pamoja na diski yote (zote mbili ni za kuisimba diski), lakini hiyo unatakiwa uipange mwanzoni, ukishaweka kila kitu ndo unaambiwa turudie upya. Nilimrudia nikamuuliza, akakuna kichwa, akasema wateja wengi hawaitaki mana wanasahau nywila alafu wanamlaumu yeye. Sawa, mdogo wangu, lakini niulize. Uliyeniuliza habari za flashi na nani anawasha mashine nikiwa sipo, umeshindwaje kuniuliza hili? Kwa steshenari, hospitali, ofisi ya kata, mtu yeyote anayeshika karatasi za watu, hilo swali lilitakiwa liwe la kwanza.

Kingine kidogo, anaongea sana. Ukiwa na haraka mwachie mashine uondoke, ukikaa atakuchorea maboksi yote ya dukani. Mimi nilikaa kwa kupenda.

Nani aende kwake: mwenye mifumo miwili kwenye mashine moja, mwenye kuchukua hadidiski huku na kule kati ya kompyuta, na ofisi ambazo watu wawili watatu wanashea laptopu. Wewe mwenye Windows peke yake na hauhamishi diski, shida yako ni ndogo sana, jitolee tiki ya Fast Startup mwenyewe ubaki na elfu ishirini yako. Na usimpelekee mashine ambayo umeihaibaneti ukitegemea aikague ikiwa hivyo, atakurudishia, mimi nilishuhudia kamrudisha mtu katoka Kasulu nayo, akamwambia iamshe hapa hapa, sevu vitu vyako, izime kabisa ndo unipe. Yule bwana alinuna lakini aliizima.

Anafungua saa tatu asubuhi. Ijumaa mchana anafunga kwenda kuswali, anarudi kwenye saa nane na nusu hivi. Nenda na chaja yako, za kwake zote ni za pini ndogo.